Mashine ya kukaushia nguo inayopata moto kupita kiasi

Dada yangu wa Mbweni, kama mashuka yanatoka yananuka kuungua na mashine inajizima katikati, usiiwashe tena. Chomoa plagi kwanza. Mara nyingi hita haina kosa, ni hewa imekosa njia. Safisha chujio, halafu ivute mashine ulichungulie bomba la nyuma linalotoa hewa nje: likijikunja, au likijaa yale manyoya ya nguo ya kijivu, moto hubaki ndani. Toka na nje uone kifuniko cha bomba kinafunguka, maana hewa ya chumvi kwetu hapa pwani hula chuma. Hewa ikipita vizuri na bado inachemka, fundi apime thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto, kwa mita ya kupimia umeme. Fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikizidi moto, ikiwa imekatika, asiiruke kwa kuunga waya, nakuomba sana. Hiyo ndiyo inayozuia nyumba isishike moto. Atie mpya ya kiwango kilekile.