Inteki ya bei chee au yenye jina: kwa vumbi la Arusha, pesa ziende wapi?

Hapa mjini swali la inteki, yaani njia inayopeleka hewa kwenye injini, huulizwa na watu wa aina mbili. Kuna vijana wenye Subaru, Altezza na Mark X, wanaotaka gari lingurume likipita Njiro jioni. Halafu kuna sisi wenye Land Cruiser za watalii, ambao mlio hautuhusu kabisa. Tunataka gari liende Serengeti lirudi bila kuanza kula oili. Mimi niko pande zote mbili. Cruiser ni zangu, Subaru Forester ya tabo (feni inayosukumia injini hewa) ni ya mdogo wangu, na bili za gereji za magari yote zinaishia mezani kwangu. Kwa hiyo nimelipa bei ya Mchina, nimelipa na bei ya Mmarekani, na maoni ninayo.

Jibu langu huwa haliwafurahishi machalii: msinunue inteki kama kitu kimoja. Ni bomba, ni filta, ni viungo vya mpira na klipu, na mara nyingine ni kikombe cha kukalia sensa. Bomba unaweza kununua la bei chee ukalala usingizi. Filta na viungo usifanye ubahili. Na kwa gari la petroli lenye sensa ya eyaflo, ile inayopima hewa inayoingia, kile kikombe cha sensa ndicho kinachoamua kama jina linastahili hela yake.

Tuanze na hewa yenyewe. Lita moja ya petroli, ili iungue vizuri, inahitaji hewa karibu lita 9,000 ukiwa usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, hivyo hesabu inavuka 10,000. Ukimaliza tangi la lita 50, injini yako imevuta zaidi ya lita nusu milioni za hewa. Sasa jiulize imevutiwa wapi. Kama ni lami ya Arusha hadi Moshi, sawa. Kama ni Mto wa Mbu kwenda Engaruka, au kutoka Naabi kwenda Seronera ukiwa nyuma ya magari mengine manne, hapo hujavuta hewa tu. Vumbi letu la huku lina majivu ya volkano, laini kama poda ya mtoto, na ndani yake kuna chembe ngumu zinazosugua ringi, silinda na mapanga ya tabo. Halitoi onyo. Utakuja kugundua siku fundi anafungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, anaona moshi unavyopuliza, anakutazama usoni na kukuuliza, "Mama, hii gari inaongezwa oili kila baada ya muda gani?"

Ndiyo maana tangazo la "inaongeza nguvu" mimi huliruka, naenda moja kwa moja kwenye uchujaji. Filta za injini hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011: wanapitisha vumbi la kipimo maalumu, kisha wanapima ni kiasi gani kimekamatwa na kiasi gani kimepenya. Kampuni inayojiheshimu itakwambia filta yake imepimwa hivyo. Muuzaji wa seti ya bei chee ataandika "99%" kwenye boksi bila kusema ya nini. Na usidharau tofauti ndogo za namba hizi. Filta ya asilimia 99 na ya asilimia 97 zinaonekana ndugu, lakini ya pili inapitisha vumbi mara tatu ya ya kwanza. Kwa mtu wa Dar anayezunguka Mikocheni labda haina neno. Kwa gari linalopanda lango la Lodoare kule Ngorongoro kila wiki, hiyo ni miaka ya injini.

Hapa nitawaudhi mashabiki wa filta za pamba. K&N, kampuni iliyoanza California mwaka 1969, imejenga jina lake kwa filta za pamba zenye mafuta, unazoosha na kutumia tena badala ya kutupa. Zimetengenezwa vizuri, sibishi. Wanazitolea hata dhamana ya maili milioni moja, ingawa sijui nani atatoka Sakina kwenda kuidai. Lakini kuosha filta kunataka maji safi, sabuni yake, kivuli cha kuianika, na mkono unaojua kipimo cha mafuta ya kupaka. Dereva aliyerudi saa mbili usiku na kesho alfajiri ana wageni wa Tarangire hana hivyo vyote. Ataipaka mafuta kidogo, vumbi lipite, au atayamwaga mengi, yavutwe hadi kwenye sensa. Cruiser zangu zinavaa filta ya karatasi, ya Toyota yenyewe au ya kampuni inayotengenezea viwanda vya magari, na kuna ya akiba nyuma ya kiti.

Halafu tabia ya kupuliza filta kwa kompresa kila jioni iachwe. Filta ya karatasi ikishapata utando kidogo wa vumbi huchuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya kabisa, na kila ukifungua boksi unaukaribisha mchanga upande ule safi. Upepo mkali nao huitoboa vitundu usivyoviona. Ukilazimika, puliza taratibu kutoka ndani kwenda nje, kisha ishike dhidi ya tochi uone kama kuna mwanga unaochungulia.

Sasa Forester. Mdogo wangu aliagiza mtandaoni seti iliyoandikwa kwamba inafaa magari yote. Ilikuja inang'aa, bomba la aluminiamu, filta nyekundu ya kichongo, yaani yenye umbo la pia, na bei yake, kwa kweli, ilikuwa ya kutupa. Seti za namna hiyo huuzwa kama dola 40 hadi 80, wakati zenye jina huanzia karibu dola 250 na kupanda, kabla ya usafiri na ushuru. Mlio ulikuwa mtamu. Baada ya muda gari likaanza kutetemeka kwenye sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa, matumizi ya mafuta yakapanda, taa ya injini ikawaka. Mashine ikasoma P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko mafuta. Fundi wa kwanza alifuta namba hiyo ya hitilafu, ikarudi. Akafuta tena.

Fundi wa pili, wa mtaa wa Unga Limited, aliacha mashine akachukua venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Sensa ya eyaflo haipimi hewa yote inayopita. Inaonja kipande kidogo tu cha mkondo, kisha kompyuta inazidisha kwa ukubwa wa bomba ambao kiwanda kiliuandika humo. Ukibadilisha kipenyo bila kuiambia kompyuta, hesabu yote inapotea. Tuseme la kiwandani lilikuwa na milimita 70 kwa ndani, na jipya lina 76. Milimita sita hazionekani kwa macho, lakini eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ile ile inapita pole pole zaidi mbele ya sensa, kompyuta inadhani imepungua, inapunguza mafuta. Kisha sensa ya oksijeni inalalamika, kompyuta inaongeza kidogo kidogo hadi inapofika mwisho wa uwezo wake, ndipo taa inawaka. Kwa injini ya tabo, kukosa mafuta wakati imekanyagwa ndiko kunakotoboa pistoni.

Hapo ndipo jina linapolipa. Kampuni kama HKS au AEM inakuuzia inteki ya gari fulani, injini fulani, mwaka fulani, na kikombe cha sensa kimetengenezwa kuendana na hesabu za kiwanda. Hulipii herufi zilizoandikwa kwenye bomba. Unalipia mtu aliyepima. Kama umeshanunua ya bei chee, pima kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, ulinganishe na la zamani. Zikilingana, na sensa imekaa katikati ikitazama upande wake, huenda umepona. Zisipolingana, rudisha boksi la kiwandani. Ndivyo tulivyofanya, na bomba la aluminiamu bado liko stoo kwa anayelihitaji.

Kuhusu nguvu nitasema machache. Injini isiyo na tabo inakuwa imeshapoteza kama asilimia 13 hadi 15 ya nguvu zake kwa kuishi Arusha tu, na hakuna bomba litakalozirudisha. Filta ya kichongo ikikaa wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyochemshwa na rejeta na ekzosi. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi 30, unapoteza karibu asilimia 5 nyingine. Kwa hiyo seti isiyo na kizuizi cha joto, iwe ya bei gani, inakuuzia mlio. Mlio nao ni starehe, siwakatazi, ila msiuite nguvu. Na zile zinazoshusha filta hadi nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi, zifikirie wakati wa masika. Maji hayashindiliki, yakiingia kwenye silinda, konrodi zinapinda.

Kwa Cruiser, hasa zenye injini ya dizeli ya 1HZ, hakuna sensa ya kuchanganyikiwa, hivyo watu hudhani chochote kitafaa. Huko swali linakuwa la snokeli, lile bomba la nje linalovuta hewa kutoka usawa wa paa. Za kuiga zimejaa, na nyingine sura zao zinafanana na snokeli za kampuni ya Safari ya Australia hadi kwenye mikunjo. Tofauti yake ya kwanza huja na jua: plastiki dhaifu inapauka, kisha inapasuka pale kwenye skrubu. Ya pili ni kiungo cha ndani ya feda, kati ya snokeli na boksi la eya klina, na hicho ni kibaya zaidi kwa sababu hukioni. Nimeona snokeli nzuri yenye jina imefungwa kwa mpira wa bomba la maji na waya. Hiyo ni sawa na kutokuwa nayo, maana gari linavuta vumbi la tairi lake lenyewe.

Kuna namna ya kuipima isiyo na gharama. Acha injini kwenye sailensa, panda juu, ziba mdomo wa snokeli kwa kipande bapa cha mpira au ubao, usitumie kiganja. Injini inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma, inapata hewa pengine, na penye hewa pana vumbi. Kwa upande wa baada ya filta, paka grisi kidogo ndani ya bomba safi, endesha safari moja ya vumbi, kisha fungua upitishe kidole. Ikikwaruza, usiende kuangalia filta kwanza, angalia viungo.

Jambo jingine la kuuliza dukani ni hili: filta ya pili utaipata wapi? Ya kiwandani ya Toyota ipo Arusha, ipo Moshi, ipo hata Karatu. Filta ya kichongo yenye mdomo wa kipimo cha ajabu utaisubiri wiki tatu huku gari limeegeshwa. Na ukiona yenye jina kubwa kwa bei ya nusu, igeuze: tazama kama mikunjo imepangika sawa, kama gundi imejaa pembezoni, kama mpira unarudi ukiubonyeza. Feki zipo, na Tume ya Ushindani haiwezi kuwa kwenye kila duka.

Mwenye IST, Probox au Noah, acha boksi la kiwandani lilivyo. Nunua filta nzuri ya karatasi, badilisha hosi iliyopasuka kati ya boksi na injini, weka klipu mpya mbili za skrubu, na hakikisha vibano vya kifuniko vinabana vyote. Wenye Subaru mnaosisitiza mlio, niandikieni mwaka wa gari na aina ya injini, ila leteni na kipimo cha venia.