Ukumbi wa watu 2,000: maswali ya kuuliza kabla ya kuchora

Ukiwa afisa mipango au mkadiria majenzi mgeni, ukakabidhiwa faili la kituo cha taifa cha mikutano hapa Dodoma, swali la kwanza utakalosikia ni moja: kitabeba watu wangapi? Usilijibu. Uliza kwanza watakaaje. Mkao wa sinema, viti vitupu safu kwa safu, unakula takriban mita ya mraba 0.9 kwa mtu. Weka meza mbele ya kila kiti, kama wanavyokaa wajumbe wa mkutano wa nchi wanachama, inafika 1.8. Kwa hiyo ukumbi wa mita za mraba 1,800 unabeba watu 2,000 kwenye mahafali, lakini kwenye mkutano ule uliouombea fedha unabeba 1,000. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa msanifu, zikitaja idadi bila kutaja mkao, mshauri elekezi atachora kilicho rahisi, na kosa litaonekana siku meza zinaingizwa.

Halafu hesabu lugha. SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ina lugha rasmi nne: Kiingereza, Kifaransa, Kireno na, tangu 2019, Kiswahili. Kila lugha inataka chumba chake cha wakalimani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2603 kinataka chumba cha kudumu cha watu wawili kisipungue upana wa mita 2.5, kina cha 2.4 na kimo cha 2.3, na mkalimani aone uso wa mzungumzaji na skrini bila nguzo kumziba. Vyumba hivi husahaulika kwa urahisi kwa sababu haviongezi kiti hata kimoja. Vikiletwa mwishoni vinakuwa maboksi ya mbao nyuma ya ukumbi: yanameza viti na kuvujisha sauti. Kuta za kukunja za kugawa ukumbi nazo husahaulika hivyo hivyo. Uzito wake unaning'inia kwenye boriti za paa, hivyo mhandisi wa miundo aambiwe kabla hajakokotoa chuma. Na stoo ya viti, tafadhali. Viti 1,000 vinavyotolewa kupisha meza lazima viende mahali.

Sehemu dhaifu kuliko zote katika andiko la mradi huwa ni mapato. Dodoma ni mji wa Serikali. Mteja wa uhakika ni wizara, wakala na taasisi za umma. Zinapolipa pango, Hazina haijapata shilingi mpya, fedha imehama kasma (fungu la bajeti) tu. Andika safu mbili: mapato kutoka Serikalini na mapato kutoka nje yake. Ile ya pili ndiyo inayosema ukweli wa mradi. Kwa wateja hao wa nje unashindana na AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, iliyofunguliwa 1978 na iko jirani na mbuga za wanyama, na kituo cha Julius Nyerere kilichopo Dar es Salaam. Reli ya kisasa ya SGR, inayofika hapa tangu 2024, imetusaidia sana. Hata hivyo, Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo vitanda vya mji huwa vya kugombaniwa. Usiuze siku 365 kwenye makaratasi.

Matengenezo nayo yatengewe angalau asilimia 2 ya gharama ya ujenzi kila mwaka. Jengo la shilingi bilioni 100 linadai bilioni 2, umeme na mishahara bado. Kasma hiyo isipokuwepo tangu mwaka wa kwanza, viyoyozi na lifti ndivyo vitakavyotangulia kufa.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua za Dodoma zinashuka kati ya Desemba na Aprili, chache lakini za kishindo. Mkataba ukisainiwa Novemba, mashimo ya msingi yanachimbwa mvua ikiingia. Penye udongo mweusi wa mbuga hiyo ni hasara kubwa: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na msingi mfupi unapasuka nao. Chimba mashimo ya uchunguzi kabla ya usanifu wa kina, siyo baada ya mkandarasi kukabidhiwa eneo. Zabuni ziandaliwe mapema ili msingi uwe umetoka ardhini kabla ya Desemba.

Fedha ya maendeleo haitoki yote kwa mkupuo, kwa hiyo gawa kazi katika awamu zinazoweza kusimama zenyewe: ukumbi mmoja ulioezekwa na wenye vyoo na umeme ni bora kuliko nguzo za kumbi tano. Hati ya malipo ya mkandarasi ikifika, igongwe muhuri wa tarehe siku hiyo hiyo. Kwa mikataba mingi muda wa kulipa unahesabiwa kutoka siku hati ilipopokelewa, siyo siku Hazina inapotoa fedha, na ukipita riba inaanza kutembea.