Kwadi sio bodaboda yenye matairi ya nyongeza

Siku naletewa kwadi yangu nilikua na miaka tisa juu ya pikipiki, Boxer na zile za Kichina, lami na vumbi, kwaiyo jamaa alipotaka kunielekeza nikamwambia kaka usijisumbue, hii ni pikipiki ya miguu minne tu, nipe funguo. Robo saa baadae kwenye kamlima ka mawe huko Monduli nikahisi inalalia kushoto, mguu ukashuka wenyewe kukanyaga chini kama ulivyozoea, tairi la nyuma likaja likapanda kisigino na kuuvuta mguu chini ya mashine. Wiki tatu nachechemea. Na nilikua spidi ya mtu anaetembea kwenda dukani, hata vumbi halikutimka.

Nimeanza na hiyo kwasababu karibu kila kosa nililofanya mwaka ule wa kwanza lilitokana na kitu nilichokua nakijua vizuri sana kwenye pikipiki. Kwenye pikipiki mguu wako ni stendi ya dharura. Kwenye kwadi tairi la nyuma liko hapohapo nyuma ya kisigino, ukishusha mguu wenyewe unabaki pale, mashine inaendelea, na tairi halina pa kupita zaidi ya juu yako. Miguu inakaa kwenye vikanyagio hata kama unaona inataka kupinduka, ikipinduka kweli unarukia upande wa juu wa mlima unaiacha iende zake, plastiki zinanunulika. Mi ilibidi niende uwanja wa mpira jioni na mdogo wangu, kila nikishusha mguu namnunulia soda. Siku ya kwanza alikunywa mbili akaomba nyingine apewe hela.

Kitu cha pili ni kona. Kwadi nyingi hizi za cheni, za Kichina na hata za michezo za Kijapani, ekseli ya nyuma ni chuma kimoja hakuna difu, matairi yote mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa. Sasa ukikata kona tairi la nje linatakiwa litembee mbali zaidi kuliko la ndani na haliwezi, kwaiyo mashine inang'ang'ania kwenda mbele. Anaetoka kwenye boda anafanya nini, anakaa katikati anasubiri ilale, hailali, anaongeza nguvu kwenye usukani, ghafla inashika na kumtupa nje. Unatakiwa usogeze makalio yako upande wa ndani wa kona, uinamie ndani, alafu uzito kidogo uukandamize kwenye kikanyagio cha nje ili tairi la ndani lipate nafasi ya kuteleza. Ukiipata utaisikia, inazunguka laini kama imepakwa mafuta. Na ndo maana kwenye lami sipendi kabisa kuipeleka, lami haitelezi, ile ekseli inapigana na barabara na wewe uko katikati.

Kuna vijana wanang'oa ile gesi ya kidole gumba wanafunga mkono wa kuzungusha wa pikipiki, wanasema kidole kinachoka. Kinachoka kweli, wiki mbili tatu za mwanzo unashindwa hata kushika kikombe. Ila fikiria unapanda mlima, mashine inarusha mwili wako nyuma, unafanya nini na mikono? Unavuta usukani. Ukiwa na mkono wa kuzungusha hapo umeshajiongezea mafuta bila kutaka, tairi za mbele zinanyanyuka na mashine inakuja kukulalia kifuani. Kidole gumba kinaachia chenyewe. Acheni hicho kitu kama kilivyotoka kiwandani, na kile kiskrubu kidogo kinachozuia kidole kisisukume mpaka mwisho msikitoe mapema, kipo kwa ajili yetu sisi wajuaji.

Upepo sasa. Hapa ndo watu wanaumizwa na gereji za mtaani na gereji yenyewe haina kosa, haijui. Tairi la kwadi linatembea na psi (kipimo cha upepo) 4 mpaka 7 hivi, wakati la boda ni karibu 30. Nilipeleka tairi kuziba panchari, kijana akajaza kama alivyozoea, alafu akanionyesha ubavuni mwa tairi kabisa imeandikwa 36 psi, nikaona eeh kumbe hata hajafika. Njia ya kurudi nyumbani kwadi ilikua inadunda kama mpira wa kikapu, kila jiwe inaruka pembeni, nikadhani shokapu zimekufa. Kumbe ile namba ubavuni inasema usizidishe hapo wakati wa kulikalisha tairi kwenye rimu, baada ya kukaa unatoa upepo mpaka kile kiwango cha kutembelea. Tafuta kile kistika karibu na vikanyagio au kitabu chake, namba ya kutembelea iko huko. Na geji ya sheli haisaidii, kwenye psi 5 mshale hata haujaamka, nunua geji ndogo inayoishia 10 au 15. Bila geji mi nilikua naweka goti juu ya tairi, likibonyea kidogo na kurudi twende, ila hiyo ni ya kufikia nyumbani sio ya maisha. Muhimu zaidi kulia na kushoto ziwe sawa maana tofauti ya psi moja tu inavuta usukani.

Kununua ntaongea kifupi. Mchina wa mtumba, 200 au 250, mi nilichukua kwa milioni tatu na laki mbili na sijutii, kwasababu moja tu: nyingi zina injini ya CG, ileile ya fimbo za valvu iliyo kwenye pikipiki kibao za Kichina mtaani, kwaiyo plagi, CDI (kile kiboksi cha cheche), kabureta, klachi unavipata duka lolote la spea za boda. Mjapani ni chuma cha kweli lakini siku ukitafuta plastiki yake au kishikio cha breki utajua hujui. Ukienda kuangalia mashine shika injini kwanza kabla ya salamu, ikiwa ya moto muuzaji ameshaiwasha ili isimtie aibu kwenye kuwaka ikiwa baridi. Nyanyua mbele uitingishe tairi juu chini na kulia kushoto, utasikia boljointi na tairodi zinavyogonga. Piga tochi kwenye maungio ya mikono ya mbele na fremu, Mchina anapasukia hapo kwenye kuchomelea. Namba ya chasisi ilingane na kadi. Muuzaji akikwambia kadi itafuata, mwambie na hela itafuata.

Mambo ya kubadilisha vitu, najua wengi mmekuja kwa ajili ya hapa. Mtu ananunua kwadi Jumamosi, Jumatatu ashaweka taa za LED mstari mzima, ameinyanyua inchi nne, ametoboa eksozi, na bado hajui kukata kona. Kuinyanyua maana yake uzito unakwenda juu na inapinduka mapema zaidi, simple. Taa, zile koili za kuzalisha umeme kwenye hizi mashine ni ndogo, ukiweka taa nyingi betri inakufa usiku na ndo wakati ulikua unaihitaji. Eksozi ukiifungua inapumua zaidi lakini mafuta yanabaki yaleyale, mchanganyiko unakua mkavu, injini inachemka, plagi inakua nyeupe kama chaki. Ukitaka kelele basi na jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia mafuta, uibadilishe, upande saizi moja moja huku unaangalia plagi mpaka ipate rangi ya kahawia ya biskuti. Spesa za kutanua miguu zinasaidia kweli kwenye kuteremka ubavu wa mlima, ila zinakula beringi, kwaiyo ukiweka ujue umeingia mkataba na duka la beringi. Beringi ina namba imechongwa pembeni, nenda na ile mbovu mkononi, usiseme naomba ya kwadi maana utapigwa bei ya kwadi.

Ukiniuliza nianze na nini, ntakwambia bati la chini la kulinda injini na sproketi. Mchina anakuja na gia ndefu anataka kukimbia, sisi tunataka kupanda. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, na ni bei ya soda chache. Hakikisha tu unajua saizi ya cheni yako kwanza, nyingi sio 428 ya boda.

Alafu sponji ya hewa, ambayo naiweka juu ya vyote hivyo. Kuanzia Mto wa Mbu kwenda Selela, Engaruka mpaka kule Natron, vumbi ni lile jepesi la volkano, ukipita linabaki limesimama hewani kama moshi na linaingia mpaka kwenye meno. Nilikua na tabia ya boda, sponji unaigonga gonga mguuni unarudisha. Miezi minne injini ikaanza kutoa moshi wa bluu, kufungua, silinda ina michirizi kama imepigwa msasa, ringi zimekwisha. Laki na nusu pamoja na fundi, na hapo nashukuru ni CG. Sasa hivi kila safari ya vumbi naiosha kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, naikausha kivulini, naiminya na mafuta maalum ya sponji mpaka ilowe yote alafu naikamua isibaki inachuruzika, grisi kidogo pembeni pale inapokaa. Sponji kavu haizuii kitu, ni yale mafuta ndo yanakamata vumbi. Naenda na ya pili kwenye mfuko wa nailoni, mchana nabadilisha.

Maji usiyoyaona chini usiingie, shuka uyapime kwa fimbo kwanza. Ikizimikia majini usipige stata, ukipiga maji yanapanda kwenye silinda na maji hayabanwi, fimbo ya pistoni ndo inapinda. Itoe kwa kusukuma, fungua plagi, ndo uizungushe iteme. Angalia oili, ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa mwaga, hata kama uliweka jana.

Kupanda mlima mwili mbele, kushuka mwili nyuma na gia ndogo, usiweke nyutro. Ikizima katikati ya mlima shika breki ya mbele, usikanyage ya nyuma peke yake, itakunyanyukia. Hiyo isome mara mbili.

Mishikaki hapana. Kiti ni kirefu kwa ajili yako wewe usogee mbele na nyuma, sio kwa ajili ya shemeji. Na watoto, wenye viwanda wenyewe wanasema kwadi za saizi ya watu wazima ni miaka 16 na kuendelea, mi nimeona mtoto wa darasa la tano amekalishwa kwenye 250 watu wanapiga picha, nikaondoka maana sikutaka kuwepo.

Kule tunakotembea ni kwa watu pia. Ukiona mifugo zima kabisa subiri ipite, na morani ukimsalimia vizuri atakuonyesha njia ambayo simu yako haiijui. Usikate njia mpya kwenye nyasi, masika yakija ile alama ya tairi inakua mfereji na mwakani ni korongo, Monduli kote mnayaona yale makorongo. Pale Engaruka kuna kuta za mawe na mifereji ya wakulima wa karne kadhaa zilizopita, kwa macho ya haraka utadhani ni mawe tu ya kupandia. Paki mbali, tembea.

La mwisho ni nati ya habu ya nyuma, pale tairi linapofungwa kwenye ekseli. Ile kubwa yenye kipini cha kuizuia isilegee. Nilikua narudi kutoka Engaruka, mashine ikaanza kuvuta kushoto kila nikiongeza mafuta, nikashuka nikakuta ekseli inazunguka ndani ya habu ya kushoto, meno yote yameliwa, ndani imekua laini kama pete. Fundi alikua amerudisha nati bila kipini, ikalegea kidogo kidogo, mtikisiko ukamaliza kazi. Kilichoniokoa ni ekseli ileile ninayoilalamikia, kwakua haina difu tairi la kulia liliendelea kusukuma peke yake, nikarudi kilomita kama 20 usukani nimeukaza kulia mikono inatetemeka, watoto wa shule wananipita kwa mguu kwenye mchanga wananipa pole. Toka hapo nabeba spana ya hiyo nati, vipini vitatu, kamba za kuziba panchari maana miiba ya migunga haina huruma, pampu ya mkono na maji lita tano.

Habu nilichomelewa tu, inatembea lakini inayumba. Kama kuna mtu Arusha au Moshi amepata habu ya nyuma ya Mchina 200 meno 24 naomba aniambie duka gani, nimehesabu mara tatu, ni 24.