Mbu wa Mchana Anazaliwa Ndani ya Pipa Lako

Wengi wetu Mombasa tumekua tukijua kwamba mbu ni mdudu wa usiku na wa masika. Jua likizama tunafunga madirisha, tunashusha chandarua, tunalala tukiamini tumejikinga. Kwa malaria hiyo ni kinga ya kweli, na mtu asiiache hata siku moja. Lakini chikungunya na dengue, homa mbili za virusi, haziletwi na mbu yule wa malaria. Huletwa na mwingine, Aedes aegypti, mdogo, mweusi, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana kweupe: asubuhi, kisha tena alasiri mpaka magharibi. Chikungunya ilipoenea Mombasa mwaka 2018, nyumbani kwetu hakuna aliyelala nje ya chandarua, na bado tuliugua mmoja baada ya mwingine.

Homa ilikwisha upesi. Viungo ndivyo vilivyobaki. Mama mkubwa alishindwa kukuna nazi kwa maumivu ya vifundo vya mikono, na mimi nilikuwa nashuka ngazi nikishika ukuta. Maumivu haya huweza kukaa miezi, na kwa wazee hata zaidi ya mwaka. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema chikungunya haiui basi si kitu. Muulize fundi cherehani au mchukuzi aliyekaa miezi hawezi kukunja vidole.

Ninalotaka ulishike ni hili: usingoje mvua ndipo umwogope mbu huyu. Mwaka 2004 chikungunya ilipolipuka Lamu, ilikuwa wakati wa ukame. Maji yakiwa ya shida, watu huyaweka ndani, kwenye mapipa, mitungi na ndoo, na mbu huyu hupenda kutaga humo humo, kivulini, karibu na watu atakaowauma. Damu za watu zilipopimwa baadaye, ilionekana takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Sisi huku, mfereji ukikauka na mkokoteni wa maji ukianza kupita, tunajaza kila chombo tulicho nacho. Hatuna njia nyingine. Kwa hiyo chombo chenyewe ndicho cha kushughulikiwa.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hubandika mayai yake kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, yakaloa, viluwiluwi, yaani watoto wa mbu, hao wanatoka. Sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu, mpaka juu kabisa, kila wiki, kwa sababu kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au kupita kidogo. Kisha funika kwa kifuniko kinachobana, au kitambaa kilichofungwa kamba kisichoacha upenyo. Wazee wa Lamu walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani ya birika la chooni, yaani tangi la maji, ili wawale viluwiluwi, na mwenye birika leo angefanya vyema kurudia desturi hiyo. Ukimaliza mapipa, tazama visahani vya vyungu vya maua, magurudumu ya gari yaliyotupwa uani, vifuu, na bomba la paa lililoziba majani.

Virusi vyenyewe mbu huvipata kwetu sisi watu. Mbu jike akimfyonza mgonjwa, virusi huingia tumboni mwake, huzaana, na baada ya siku kadhaa hufika kwenye mate. Tangu hapo kila atakayemuuma yumo hatarini, maisha yote ya mbu huyo yaliyobaki. Na haruki mbali, kwa kawaida ni mita mia chache tu, kwa hiyo aliyekuuma huenda alizaliwa kwako au kwa jirani. Anayevuka bahari na virusi ni mtu. Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa, mwaka 2005 ukawa Komoro, kisha Réunion, ambako ulishika karibu theluthi moja ya watu wa kisiwa. Huko virusi vilibadilika kidogo, vikamzoea mbu mwingine, Aedes albopictus, anayeweza kuishi hata kwenye nchi za baridi. Mwaka 2007 msafiri mmoja kutoka India aliufikisha Italia, na vijiji karibu na Ravenna vikaugua.

Ukipata homa na kipimo cha malaria kikasema huna, usimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Uliza kuhusu dengue na chikungunya. Mpaka ijulikane si dengue, usitumie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana zinaweza kuzidisha kutoka damu. Paracetamoli kwa kipimo chake, na maji mengi. Dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo, ina aina nne za virusi. Aliyewahi kuugua aina moja akipata nyingine huweza kuzidiwa, na pwani yetu imeshapata milipuko zaidi ya mmoja. Angalia sana homa inaposhuka, pale ndugu wanapodhani amepona: tumbo likiuma vikali, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye ufizi, au akilegea, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Na mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, wiki ile ya kwanza yote, kwa kuwa ndizo siku virusi vimejaa damuni mwake na mbu wa humo ndani akimuuma atavibeba. Wapigieni hodi majirani pia, muwaambie kuna mgonjwa, nao wakague mapipa yao siku hiyo hiyo.