Shirika la umeme likitaka kukabidhiwa mwekezaji: maswali yenu na majibu

Serikali inasema haiuzi shirika, "inashirikisha sekta binafsi" tu. Sasa tunapinga nini?

Ulizeni kwanza ni mkataba wa aina gani, maana kila aina ina pa kuishika. Katika mkataba wa menejimenti, mali hubaki ya umma na kampuni huongoza kwa ada. Ndivyo TANESCO ya Tanzania ilivyoendeshwa na Net Group Solutions ya Afrika Kusini tangu 2002 hadi 2006. Katika ukodishaji wa muda mrefu, kampuni hushika laini, mita na wateja: kampuni binafsi iitwayo Umeme ilisambaza umeme Uganda kwa miaka 20, kuanzia 2005 hadi Machi 2025. Kuna kuuza hisa, na hilo kila mtu huliona.

Aina ya nne ndiyo hupita kimyakimya: mkataba wa kununua umeme kwa mzalishaji binafsi. Shirika linabaki na jina, magari na wafanyakazi wake, ila mapato yanatoka kwa mlango wa nyuma. Kampeni nyingi huamka pale tu neno "kuuza" linapotajwa, na huo ni uchelewaji.

Tumepata rasimu ya mkataba, kurasa mamia. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye viambatisho. Mwili wa mkataba umejaa maneno mazuri. Fedha zimeandikwa nyuma.

Tafuteni tozo ya uwezo, yaani malipo ya mtambo kuwa tayari, uwashwe usiwashwe. Chukueni mfano wa kubuni: mtambo wa megawati 100, tozo ya dola 15 kwa kilowati kwa mwezi. Kilowati 100,000 mara 15 ni dola milioni 1.5 kila mwezi, kabla hata uniti moja haijazalishwa, na mafuta yanalipiwa kando. Watanzania wanaijua hesabu hii kupitia IPTL, mtambo wa megawati 100 uliokuwa na mkataba wa miaka 20 uliosainiwa 1995.

Kisha angalieni sarafu. Mteja analipa kwa fedha ya nchi, mwekezaji analipwa kwa dola. Thamani ikishuka, nani anabeba pengo? Angalieni pia faida iliyohakikishwa (mkataba wa Umeme uliruhusu asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji uliowekezwa), dhamana ya serikali, mahali pa usuluhishi (mgogoro utaamuliwa wapi), na kanuni ya malipo ya mwisho. Hiyo ya mwisho hudharauliwa sana. Uganda ilipoirudisha huduma mikononi mwa umma ilibidi ilipe uwekezaji ambao kampuni ilikuwa haijarudishiwa, na pande mbili zikagombania kiasi.

Wanatuambia shirika linapoteza zaidi ya theluthi ya umeme. Tujibuje?

Msikane. Itengeni namba hiyo vipande vipande.

Tuseme fida moja, yaani laini kuu inayolisha eneo, imepokea uniti 500,000 kutoka kituo cha kupozea, na ankara zimetolewa za uniti 400,000. Upotevu ni asilimia 20. Kati ya ankara hizo, zimelipwa asilimia 80 tu. Kilicholipiwa ni sawa na uniti 320,000, kwa hiyo "hasara" inatangazwa kuwa asilimia 36, na wananchi wote wanaitwa wezi. Kumbe sehemu ya deni ni wizara na taasisi za serikali yenyewe. Ombeni orodha ya wadaiwa wakubwa.

Ule upotevu wa asilimia 20 nao una pande mbili. Wa kiufundi hutokana na laini ndefu zenye waya mwembamba, transfoma zilizozidiwa mzigo na maungio yaliyolegea, polisi hawautibu. Wa kibiashara ni mita zilizokufa, wateja wasiosajiliwa na kuchepusha umeme. Mkipima wenyewe, tarehe za kusoma mita ya fida na mita za wateja zilingane, la sivyo mtapata upotevu ambao haupo na wapinzani watawaumbua.

Na semeni kweli: chini ya kampuni ya Umeme, upotevu ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 30 hadi chini ya 20. Kampeni isiyo na mpango wake wa kupunguza upotevu, kuanzia mita kwenye kila transfoma, haitamshawishi anayekaa gizani.

Tukizima umeme siku moja, si watatusikia?

Watawasikia, kisha watawashtaki. Umeme huhesabiwa huduma muhimu kwenye sheria za nchi nyingi, na hospitali ikizimika hoja yenu imekwisha.

Kura ya maoni au mahakama?

Kura inategemea siku. Hamburg ilipiga kura ya kununua tena mitandao ya nishati tarehe 22 Septemba 2013, siku ya uchaguzi mkuu wa Ujerumani, na ikashinda kwa asilimia 50.9. Berlin ilipiga peke yake, bila uchaguzi mwingine wa kuwavuta watu, tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Walioafiki walikuwa wengi mno miongoni mwa waliojitokeza, lakini hawakufikia robo ya wapiga kura wote iliyotakiwa. Pambaneni na tarehe kabla ya mabango.

Mahakamani, shikeni utaratibu kuliko sera. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya utawala ya Thailand ilibatilisha amri za kuigeuza EGAT, shirika la umeme la nchi hiyo, kuwa kampuni ya hisa, na kasoro za kusikiliza maoni ya umma zilikuwa miongoni mwa sababu. Hivyo hifadhini matangazo ya mikutano, tarehe, lugha iliyotumika na mahudhurio.

Mkataba umeshasainiwa. Tumechelewa?

Kwa kuuzuia, pengine. Kwa kuubana, hapana. Nendeni kwenye kila kikao cha mdhibiti, chombo kinachosimamia bei za umeme, cha kupitia bei na mdai orodha ya uwekezaji: nguzo ngapi, wapi, kwa gharama gani. Kila nguzo iliyoandikwa kwa bei ya kupindukia inaingia kwenye bei ya uniti, halafu inarudi tena kwenye malipo ya mwisho. Hesabuni nguzo na transfoma mtaani, linganisheni na daftari la mali, na tofauti mtakayoiona iwasilisheni kwa maandishi kabla kikao hakijafungwa.