Mnaotaka kuja Tashkent, jifunzeni herufi za aina mbili

Wadogo zangu mnaoniuliza kama Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, mtu anaweza kuishi kwa Kiingereza tu: utaishi, ila utaishi kama bubu. Chuoni na hoteli kubwa mtaelewana. Sokoni Chorsu, zahanati, kwa mwenye nyumba, sahau.

Na yule aliyeuliza mbona kwenye picha zangu vibao vya mtaa mmoja vina herufi za aina mbili, umeligusa lenyewe. Kiuzbeki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne (Wauzbeki wa Afghanistan wanazo mpaka leo). Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wasovieti wakaleta za Kilatini, kama hizi zetu, 1940 wakaziondoa wakaweka za Kirusi. Uhuru ulipopatikana, sheria ya 1993 ikarudisha Kilatini. Tarehe ya kukamilisha ikapangwa, ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikafika Januari 1, 2023. Nayo imepita, na herufi za Kirusi bado zimejaa mjini.

Matokeo yake nyumba moja inaandika namna mbili. Mama mwenye nyumba yangu ni mtu mzima, kasoma enzi za Wasovieti, anaandika za Kirusi. Wajukuu wanaandika Kilatini, maana tangu 1996 darasa la kwanza huanza nacho. Bibi akinituma dukani ananipa kikaratasi. Mkate ni non, lakini kwa herufi zake ni нон, na jicho la Mswahili linasoma "hoh". Maziwa ni sut. Kwa mwandiko wa mkono utaapa umeona "cym", kwa sababu t yao ya mkono ina sura ya m yetu. Mjukuu ndiye mkalimani wangu, na mwandiko wa bibi humkwamisha hata yeye.

Lugha yenyewe haitishi. Haina ngeli. Viambishi inavyo kama sisi, ila inavipanga nyuma: kitob, kitoblar ni vitabu, kitoblarimiz ni vitabu vyetu, kitoblarimizda ni katika vitabu vyetu. Vaqt, xabar, savol, javob, dunyo, ndiyo wakati, habari, swali, jawabu, dunia; hayo hamhitaji mwalimu.

Mtaambiwa Kirusi kinatosha. Tashkent kinasaidia sana, siwafichi, maofisini ndiyo usiseme. Lakini sisi weusi huku tunakodolewa macho, na ukimwamkia muuzaji aliyekuzidi umri "Assalomu alaykum, aka, yaxshimisiz?" (yaani kaka, hujambo?) uso wake unafunguka. Wakati mwingine na bei inashuka.

Jambo la mwisho, hili liwaume: majina. Juma kwa Kiuzbeki cha herufi za Kirusi ni Жума, lakini karani anayefikiri Kirusi ataandika Джума, na likirudishwa Kilatini unakuwa Dzhuma. Pasi inasema hivi, hati inasema vile, nawe unazungushwa madirishani. Kwa hiyo hati yoyote mkikabidhiwa, ilinganisheni na pasi herufi kwa herufi kabla hamjatoka hapo.