Makato ya Mshahara Marekani: Kabla Hujakasirika, Soma Hati Yako

Kila Ijumaa ya mshahara hakosi mtu wa kunitumia picha ya hati yake ya malipo kwenye WhatsApp, na chini yake ameandika maneno yaleyale: "Hawa watu wananimaliza." Mimi si mhasibu. Nilimsaidia dada mmoja kazini kuisoma ya kwake, habari zikasambaa, na sasa nimegeuka ofisi ya kodi ya Waswahili wa mtaa mzima. Acha niyaandike hapa mara moja, nikiulizwa tena nitume kiungo nipumzike.

Kwanza, hicho unachokatwa si kodi moja. Ni makato ya aina mbalimbali yaliyopangwa kwenye safu moja, kila moja lina mwenyewe na lina sheria zake. Chukua mtu asiye na ndoa wala watoto, mwenye kazi moja, anayelipwa dola 2,000 kila baada ya wiki mbili. Kwa viwango vya 2025, hati yake itaonyesha Social Security (mfuko wa pensheni) dola 124, Medicare (mfuko wa matibabu ya wazee) dola 29, na kodi ya mapato ya serikali kuu kama dola 160. Akiwa anaishi Texas, Florida au Tennessee, hadithi inaishia hapo, maana majimbo hayo hayatozi kodi ya mshahara. Akiwa New York, jimbo nalo linachota chake, na kama anakaa ndani ya jiji lenyewe, jiji nalo halibaki nyuma.

Hebu zitazame tena hizo namba. 124 na 29 ni 153. Yaani karibu nusu ya alichokatwa kimekwenda kwenye mifuko ya pensheni na matibabu ya wazee, asilimia 6.2 kwa huu na 1.45 kwa ule. Mwajiri naye analipa kiasi hichohicho juu yake, ingawa wewe huoni. Makato haya hayabembelezeki. Hakuna fomu utakayojaza yakapungua. Wapo wachache wasiotakiwa kuyalipa, kwa mfano wanafunzi wa viza ya F-1 walio ndani ya miaka mitano ya mwanzo ya kalenda ya kuwa Marekani. Kama wewe ni mmoja wao na unakatwa, nenda ofisi ya mishahara ukadai.

Social Security ina jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi mapema. Ili upate pensheni ya uzeeni unahitaji pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, kwa hiyo ni kazi ya miaka kama 10. Marekani ina mikataba na baadhi ya nchi ya kuunganisha miaka ya uchangiaji, lakini hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyomo. Miaka uliyochangia NSSF nyumbani haihesabiwi huku. Anayepanga kurudi baada ya miaka saba au minane alijue hilo kabla hajakata tiketi. Na wale wanaosema "tukizeeka hela zitakuwa zimeisha" wana nusu ya ukweli. Ripoti ya wadhamini ya 2025 ilikadiria kuwa akiba ya mfuko wa pensheni itakauka 2033, na kuanzia hapo makusanyo yatatosha kulipa kama asilimia 77 ya mafao. Si sifuri, ila kwa mtu anayekatwa leo inauma.

Sasa tuje kwenye zile dola 160. Hapa ndipo hasira zinapokaa, na sitakudanganya kwamba mimi sina. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, serikali kuu ilikusanya kama dola trilioni 4.9 na kutumia kama trilioni 6.8. Pengo likakopwa. Riba ya deni la taifa peke yake ilizidi matumizi ya ulinzi mwaka huo, hela ambayo haijengi barabara, haimtibu mtu, wala hainunui hata risasi. Wizara ya Ulinzi nayo ilianza kukaguliwa hesabu zake zote 2018, na katika kaguzi zote zilizofuata hadi 2024 haikuwahi kupata hati safi. Sisi tuliokulia kwenye ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, tunajua maana yake. Halafu Oktoba 2025 wabunge wakashindwa kuelewana kuhusu bajeti, serikali ikafungwa siku 43, watumishi wake wengi wakakaa bila mshahara. Makato yako wewe hayakufungwa hata siku moja.

Lakini zipo pia hasira za uzushi. Vijiweni utasikia kwamba hela zote zinaishia kwenye misaada ya nje. Kwa miaka mingi misaada hiyo imekuwa kama asilimia 1 ya bajeti. Social Security peke yake inachukua zaidi ya moja ya tano. Mtu anayetaka matumizi yapungue kwelikweli itabidi azungumzie pensheni, matibabu, ulinzi na riba. Yaliyobaki mengi ni chenji. Nimeona wanasiasa wa pande zote wakikwepa sentensi hiyo, na sababu inaeleweka: wazee wanapiga kura.

Ndiyo maana nawaambia watu waache kukasirikia hati ya wiki mbili, maana haikuonyeshi kitu. Utaratibu wa kukata kodi ya mapato moja kwa moja kwenye mshahara ulianza 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Kabla ya hapo mtu alilipa mwenyewe mwaka uliofuata, akiziona hela zinamtoka mkononi. Siku hizi zinaondoka kabla hujazishika, kidogokidogo, na kidogokidogo haiumi sana. Namba ya mwaka mzima iko kwenye W-2, hati ya mwaka ya mshahara na makato yako, ambayo mwajiri anatakiwa kuwa ameitoa ifikapo Januari 31. Kisanduku cha 2 ni kodi ya mapato ya serikali kuu, cha 4 ni Social Security, cha 6 ni Medicare. Vijumlishe vitatu hivyo uandike jibu mahali. Ukiwa na namba hiyo mkononi, pigia simu ofisi ya mwakilishi wa wilaya yako, maana bajeti inapitishwa na Bunge, na uraia si sharti la kupiga simu. Kwenye tovuti ya USAspending.gov unaweza hata kuona ni kampuni gani ya eneo lako imepewa mkataba wa serikali na kwa dola ngapi. Simu yenye swali kuhusu mkataba mmoja ina uzito kuliko kulalamika kwamba "mnatuibia".

Wengi badala ya hapo hasira wanaimalizia kwenye W-4, ile fomu ya kumwelekeza mwajiri namna ya kukukata kodi ya mapato. Kuna ushauri unaozunguka kwamba uandike umesamehewa kodi, usikatwe kabisa, "wakome." Usithubutu. Msamaha huo ni wa mtu ambaye mwaka jana hakudaiwa kodi ya mapato hata senti na mwaka huu hatarajii kudaiwa. Ukiandika uongo bila msingi, kuna faini ya dola 500, na kodi yenyewe bado inakungoja Aprili, wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi za mwaka, pamoja na riba. Serikali haitakoma. Utakoma wewe.

Matumizi halali ya W-4 ni kumsaidia mwajiri akisie vizuri. Maana mwajiri hajui kodi yako; anakisia kwa kuangalia mshahara na fomu uliyomjazia siku ya kwanza ya kazi, ukiwa na haraka na hujui unachojaza. Akikata kupita kiasi, unarudishiwa. Akikata pungufu, unadaiwa. Kuna watu wanashangilia marejesho makubwa kana kwamba wametunukiwa, wakati ni hela yao iliyokaa serikalini mwaka mzima bila riba. Ingawa mama mmoja aliniambia kwamba hela ikiingia benki ndugu nyumbani wanaisikia harufu, kwa hiyo heri serikali imtunzie. Sikuwa na jibu.

Wanaoumia zaidi ni wenye kazi mbili, na sisi ndio tumejaa huko: mchana nyumba ya wazee, usiku ghala. Tuseme kila kazi inakulipa dola 1,000 kwa wiki mbili. Kila mwajiri anakata kama vile kazi yake ndiyo pekee uliyonayo, na kila mmoja anakupa punguzo la kawaida zima (sehemu ya mapato isiyotozwa kodi), wakati kisheria unastahili moja tu, dola 15,750 kwa 2025 kama huna ndoa. Kwa mwaka wote wawili watakuwa wamekata kama dola 2,100 au 2,200, na kodi yako halisi inapita 4,100. Ikifika Aprili unadaiwa kama dola 2,000, na juu yake faini inaweza kuongezwa, maana deni limezidi 1,000. Hakuna aliyekuibia hapo. Dawa yake ni hatua ya 2 ya W-4: kama kazi ni mbili tu na malipo yanakaribiana, weka alama kwenye kile kiboksi katika fomu za kazi zote mbili. Au nenda mstari wa 4(c) kwenye kazi mojawapo, uandike wakate dola 77 zaidi kila malipo. Ukitaka hesabu inayoendana na hali yako, IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wana kikokotoo cha bure kwenye tovuti yao. Kaa nacho ukiwa na hati zako za karibuni za kazi zote.

Bonasi isikutishe. Mara nyingi inakatwa asilimia 22 moja kwa moja, kama umekatwa kupita kiasi ziada itarudi utakapowasilisha hesabu.

W-4 unaweza kuibadilisha wakati wowote, si Januari tu. Ila ukiiwasilisha Jumatatu usimvamie mtu wa mishahara Ijumaa ukidai mabadiliko. Sheria inampa mwajiri nafasi hadi kipindi cha malipo kinachoishia siku ya 30 tangu uwasilishe, au cha kwanza kinachoishia baada ya siku hiyo.